Leseni ya Kenya Ughaibuni: Mwongozo Kamili kwa Dereva Anayehama Malindi

Mtu anapohama Malindi kwenda kuishi Italia, Uingereza au Dubai, hati anayoifikiria mwisho huwa ni leseni ya udereva. Pasipoti hukaguliwa mara kumi, viza hulindwa kama yai, vyeti vya shule na cha ndoa hupigwa mihuri, lakini leseni hutiwa pochini tu, kwa dhana kwamba aliyeendesha gari miaka 15 baina ya Malindi na Mombasa hawezi kuambiwa popote kwamba hajui kuendesha. Miezi hupita, na siku moja anasimamishwa na askari kando ya barabara, au anaketi mbele ya kampuni ya bima baada ya ajali ndogo, na hapo ndipo anapopata habari kwamba leseni yake ilikoma kutambulika zamani na kwamba amekuwa akiendesha kinyume cha sheria bila kujua.

Mwongozo huu ni wa dereva wa Malindi na jirani zake wa Watamu, Mambrui na Lamu, aliye na leseni halali ya Kenya na anayejiandaa kuhamia nje kwa kazi, masomo au ndoa. Italia nimeipa nafasi kubwa kuliko nchi nyingine kwa sababu inayoeleweka na kila mkaazi wa mji huu. Tangu Waitaliano walipoweka kituo chao cha kurushia setilaiti cha San Marco kule Ngomeni katika miaka ya 1960, na baadaye mahoteli na nyumba zao zikaenea Casuarina, mji wetu na nchi yao zimefungamana kwa kazi, kwa biashara na kwa ukwe, na vijana wetu wengi wanapopanga safari ya Ulaya, huko ndiko macho yao yanakoelekea.

Mgeni na mkaazi

Jambo la kwanza kulielewa, na ndilo linalobeba mengine yote, ni tofauti iliyopo kati ya mgeni na mkaazi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009, unazitaka nchi wanachama zitambue leseni za wenzao, na kwa msingi wa mikataba ya aina hiyo mtalii huweza kukodi gari katika nchi isiyo yake na kuliendesha. Hata hivyo, kifungu cha 41 cha mkataba huohuo kinairuhusu nchi kukataa leseni ya mtu ambaye, baada ya kupewa leseni hiyo kwao, amehamishia makaazi yake ya kawaida katika ardhi yake. Mkataba unamlinda msafiri. Anayehama anaachiwa sheria za nchi anayohamia.

Kwa hiyo hesabu ya siku zako huanzia pale unapokuwa mkaazi, hata kama gari lenyewe utalipata baada ya miezi minane. Italia humpa mkaazi mpya mwaka mmoja wa kutumia leseni ya kigeni. Uingereza humpa miezi 12. Jimbo la California, kule Marekani, linamtaka aliyekuwa mkaazi apate leseni ya jimbo ndani ya siku 10. Falme za Kiarabu hazimpi mwenye leseni ya Kenya hata siku moja tangu aliposhika viza ya ukaazi. Tena wako wanaodhani kwamba safari fupi ya kurudi nyumbani huifuta hesabu na kuianza upya, na dhana hiyo imewaponza wengi. Aliye mkaazi hubaki mkaazi, hata akija Malindi kwa Idi akakaa mwezi mzima.

Jambo la pili ni tofauti kati ya kubadilisha leseni na kuitafuta upya. Kubadilisha maana yake ni kuikabidhi leseni yako kwa mamlaka ya huko na kupewa ya kwao bila mtihani, na hilo huwezekana tu pale ambapo nchi mbili zimekubaliana au nchi moja imeiweka nyingine katika orodha yake. Kenya haimo katika orodha ya Italia wala ya Uingereza. Mwenye leseni ya Moroko au ya Tunisia huenda katika ofisi ya Italia akabadilishiwa. Mwenye leseni ya Kenya hukaa darasani na kufanya mitihani kama aliyeanza jana. Ni jambo linalouma, hasa kwa dereva mzoefu, lakini anayelijua mapema hujipanga, na asiyelijua huupoteza mwaka wake wa neema akisubiri fomu ya kubadilisha ambayo haipo.

Kazi ya kufanya kabla ya kuondoka

Hatua ya kwanza ni kuitazama leseni yako kwa macho ya askari asiyeijua Kenya. Ikiwa bado unacho kile kijitabu chekundu cha zamani, kilichojaa stakabadhi za miaka iliyopita, tafuta kadi mpya ya kielektroniki kutoka Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA. Maombi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lakini alama za vidole na picha huchukuliwa ana kwa ana, na hiyo ndiyo sababu ya kuimaliza kazi hii ukiwa bado Kenya. Picha ya leseni katika simu haitoshi; askari na makampuni ya bima ya nje huitaka kadi yenyewe mkononi.

Hatua ya pili ni kuhakikisha tarehe. Haki ya kuendesha kwa leseni ya kigeni hudumu maadamu leseni hiyo ni hai kwao ilikotoka, na ikifa katikati ya ule mwaka wako wa neema, neema hufa pamoja nayo. Leseni ya Kenya huweza kulipiwa mwaka mmoja au miaka mitatu. Anayehama asijaribu kubana kwa kulipia mwaka mmoja. Alipie mitatu, hata kama ya sasa imebakiza miezi kadhaa, mradi mfumo unamkubalia.

Hatua ya tatu ni madaraja, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu madereva wengi hawajawahi kuyasoma yaliyoandikwa nyuma ya kadi yao wenyewe. Daraja la B1 ni la gari dogo la otomatiki peke yake, na B2 linajumuisha gari la gia za mkono. Mwenye B1 akienda nje hubaki na ruhusa ya otomatiki tu, na katika Ulaya, ambako magari mengi ya bei nafuu na ya kukodi ni ya gia za mkono, mlango mkubwa unakuwa umefungwa. Dereva wa tuktuk aliye na A3 pekee hana ruhusa ya gari dogo hapa wala kokote, hata kama amezunguka Malindi nzima kwa miaka kumi, kutoka Maweni hadi Barani. Wale wa matatu na malori, wenye D na C, wafahamu kwamba madaraja hayo hayawafuati: Uingereza, kwa mfano, humruhusu mwenye leseni ya Kenya gari lisilozidi tani 3.5 na viti vinane vya abiria, na anayetaka lori au basi aanze ngazi zao tangu chini. Ikiwa unayo A3 au B1 tu na safari yako bado iko mbali, ongeza B2 sasa, katika lugha unayoielewa na barabara unazozijua.

Kijana wa Lamu ana tatizo lake la peke yake. Kisiwani magari hayana nafasi, punda na mashua ndio usafiri, na barabara kwake huanzia Mokowe, ng'ambo ya maji. Wengi wa huko hupata leseni baada ya mafunzo mafupi Malindi au Mombasa kisha hawagusi usukani tena hadi siku ya safari. Kwake yeye ushauri wangu ni kutafuta miezi mitatu ya kuendesha kila siku kabla ya kuondoka, kwa kuwa mitihani ya nje humpima mtu mazoea ya mkono na jicho, na mazoea hayo kadi haimpi.

Hatua ya nne ni majina. Sisi watu wa pwani huitwa kwa jina letu, la baba na la babu, na mara nyingi hati moja huandika majina matatu, nyingine mawili, ya tatu ikageuza mpangilio, na herufi nazo zikitofautiana: Mohamed hapa, Muhammad pale, Swaleh na Saleh. Hapa nyumbani karani anaelewa. Ofisi ya Ulaya hulichukua jina la mwisho katika pasipoti kuwa jina la ukoo, na likitofautiana na la leseni, faili husimama. Hakikisha leseni inafuata pasipoti herufi kwa herufi. Kama haifuati, sahihisha ukiwa Kenya, maana kusahihisha kutoka mbali hula miezi.

Hatua ya tano ni kuiomba NTSA barua rasmi inayothibitisha kwamba leseni ni ya kweli, ilitolewa lini na ni ya madaraja gani. Watu huipuuza barua hii, kisha wakaililia baadaye. Katika jimbo la Ontario, Kanada, barua ya namna hiyo ndiyo inayomwezesha dereva mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka miwili kuruka ngazi za mwanagenzi na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa mwisho wa barabarani. Kampuni za bima nazo hutaka kujua miaka ya uzoefu, na mdomo mtupu hausaidii.

Hatua ya sita ni kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hapa Kenya hutolewa na chama cha waendesha magari, AA Kenya. Kibali hiki ni tafsiri ya leseni yako katika lugha kadhaa, na bila leseni yenyewe hakina thamani. Kinachofuata mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka mmoja. Kinachofuata ule wa 1968 huweza kudumu hadi miaka mitatu, lakini hakivuki siku ya kufa kwa leseni. Yeyote anayekuambia kwamba kibali hiki ni leseni ya dunia nzima, na kwamba ukiwa nacho huhitaji mtihani ughaibuni, anakupotosha. Kwa Italia ni cha lazima kwa mtu asiye na tafsiri rasmi ya leseni, kwa hiyo kichukue. Kwa mkaazi wa Dubai hakifai kitu.

Italia

Ukifika Italia, hesabu ya mwaka wako huanza siku unapoandikishwa kuwa mkaazi katika ofisi ya manispaa, ukaazi ambao wao huuita residenza. Andika tarehe hiyo mahali utakapoiona. Ndani ya mwaka huo unaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya Kenya ikiambatana na kibali cha kimataifa, au na tafsiri ya Kiitaliano iliyoapishwa mahakamani. Siku ya mwaka kutimia, ruhusa hiyo hukatika, hata kama kadi ya Kenya bado ina miaka miwili ndani yake.

Usiungoje mwezi wa kumi. Anza mwezi wa pili au wa tatu, kwa kuwa njia nzima, tangu fomu hadi mtihani wa barabarani, huweza kula nusu mwaka au zaidi kwa anayejifunza lugha. Ofisi inayohusika ni Motorizzazione Civile. Unaweza kuiendea mwenyewe au kupitia shule ya udereva, autoscuola, ambayo hutoza zaidi lakini hukupangia makaratasi, daktari na tarehe. Kwa mgeni ambaye Kiitaliano chake bado kinachechemea, naona pesa za shule hiyo ni pesa zilizotumika vizuri. Utahitaji pasipoti, kibali cha kukaa nchini, nambari ya kodi ya Italia, picha, na cheti cha afya kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa, ambaye zaidi ya yote hupima macho.

Mtihani wa nadharia una sentensi 30, kila moja ikijibiwa kweli au uongo, kwa muda wa dakika 20. Makosa matatu yanasamehewa. La nne linakuangusha. Ukitazama juujuu ni mtihani mwepesi, na hapo ndipo watu wetu wanapoteleza. Vijana wengi wa Malindi huzungumza Kiitaliano kizuri walichookota hotelini na ufukweni, wakawachekesha wageni na kuwauzia vinyago, na kwa hiyo huingia chumba cha mtihani bila kufungua kitabu. Kiitaliano cha mtihani si kile. Kina maneno ya sheria ambayo mtalii hayatamki katika maisha yake yote ya likizo, na sentensi zake hutegwa kwa neno moja dogo: daima, pekee, hata kama.

Nichukue mifano michache. Carreggiata ni sehemu yote ya barabara inayopitwa na magari, ilhali corsia ni njia moja iliyochorwa ndani yake. Anayeyachanganya hujibu kinyume maswali mengi ya kupita gari jingine. Arresto ni kusimama kwa sababu ya msafara au taa. Fermata ni kusimama kwa muda mfupi, dereva akiwa tayari kuondoka, kama anapoteremsha abiria. Sosta ni kuliacha gari kwa muda. Kwetu yote matatu ni kusimama tu, na ndiyo maana alama inayokataza sosta lakini ikaruhusu fermata humbabaisha Mswahili. Precedenza ni haki ya kutangulia, na neno hilo utalikuta karibu kila ukurasa. Ninachoshauri kila mara ni kuyaandika maneno kama haya, 100 au 150 hivi, katika daftari, kila moja likiwa na maelezo yake ya Kiswahili, na kuyapitia kila usiku kabla ya kugusa maswali ya mazoezi. Shemeji yangu aliyeolewa huko alianguka mara ya kwanza kwa makosa tisa, akaandika daftari lake kwa wiki sita, na mara ya pili alikosa moja.

Hata kanuni yenyewe hubadilika, si lugha peke yake. Kwenye njia panda isiyo na alama wala taa, sheria ya Italia humtaka dereva ampishe anayetokea mkono wake wa kulia. Sisi tumezoea kupishana kwa kuwasha taa, kwa honi na kwa kuangaliana, na mazoea hayo mtihani huyahesabu kuwa makosa. Barabara za nje ya mji hutaka taa ziwashwe hata mchana. Mwendo ni kilomita 50 kwa saa mjini, 90 katika barabara za kawaida za nje, 110 katika barabara kuu na 130 katika zile za kulipia, isipokuwa alama iseme vingine.

Ukipita nadharia unapewa foglio rosa, karatasi ya mwanagenzi inayodumu miezi 12, na ndani ya muda huo unatakiwa upite mtihani wa barabarani. Iko idadi ya masaa ambayo ni lazima uyaendeshe na mwalimu wa shule, na baadhi yake huwa usiku na katika barabara za mwendo wa kasi. Nje ya masaa hayo, mwanagenzi huendesha akiwa na msindikizaji asiyezidi miaka 65 aliye na leseni kwa miaka isiyopungua 10. Mtihani ukiufanya kwa gari la otomatiki, kadi itaandikwa hivyo na utafungwa humo; kwa hiyo fanyia gari la gia.

Kuna jambo moja ambalo dereva wa miaka mingi hulipokea kwa uchungu. Leseni mpya ya Italia humhesabu mwenyewe kuwa dereva mchanga kwa miaka mitatu, hata kama aliendesha basi la Malindi na Garissa. Katika muda huo mwendo wake wa juu ni kilomita 100 katika barabara za kulipia na 90 katika barabara kuu za nje, nguvu ya injini anayoruhusiwa ina kikomo, na kiwango cha pombe katika damu yake kinatakiwa kiwe sifuri. Anayepanga kununua gari aulize kikomo hicho cha injini kabla ya kulipa arubuni.

Kuhusu mkono wa kulia wa barabara, nitasema kidogo. Hatari haiko kwenye barabara kuu yenye magari, maana huko utafuata wenzako. Iko asubuhi mapema, unapotoka penye maegesho na kuingia barabara tupu, mkono ukajipeleka wenyewe kushoto kama uliyetoka nyumbani Ngala. Iko pia kwenye raundabauti, ambako magari huzunguka kinyume cha yetu, na nyingi zina alama mlangoni inayomtaka anayeingia ampishe aliye ndani, anayetokea kushoto kwake. Wiki ya kwanza usiendeshe peke yako. Na ukiingia katikati ya miji ya kale, chunga vibao vya maeneo yaliyozuiliwa magari, maana kamera hunasa nambari na barua ya faini hufika nyumbani baada ya wiki kadhaa, moja kwa kila mara uliyopita.

Uingereza

Uingereza ina wepesi wa aina mbili kwa mtu wetu: gari huendeshwa kushoto, na leseni ya Kenya imeandikwa kwa Kiingereza, hivyo haihitaji tafsiri. Miezi 12 tangu uwe mkaazi unaendesha kwa leseni yako, katika mipaka ya uzito na viti niliyoitaja. Ndani ya miezi hiyo omba leseni ya mwanagenzi kutoka DVLA, mamlaka ya leseni ya huko; leseni hiyo ada yake imekuwa pauni 34 kwa anayeomba mtandaoni, ukiwa na ruhusa ya kuishi nchini kwa siku zisizopungua 185.

Mtihani wa nadharia, wa pauni 23, una maswali 50 ya kuchagua ambapo 43 yanatakiwa yawe sahihi, kisha sehemu ya video za kutambua hatari ambapo alama 44 kati ya 75 ndizo za kupita. Watu husoma sana maswali na kuzidharau zile video, na ndizo zinazowaangusha. Unatakiwa ubonyeze pale hatari inapoanza kuchipuka, kama mtoto anayeelekea ukingo wa barabara, kabla haijawa hatari kamili. Cheti cha nadharia hudumu miaka miwili.

Mtihani wa barabarani ni pauni 62 siku za kazi, na tabu yake kubwa ni tarehe. Nafasi hufunguliwa hadi wiki 24 mbele, na katika vituo vingi zile za karibu huwa zimekwisha. Fanya hesabu: anayeanza mwezi wa nane anaweza kuikuta miezi 12 imemwishia angali kwenye foleni, na tangu siku hiyo yeye ni mwanagenzi kamili, mwenye herufi L juu ya gari na msindikizaji pembeni wa miaka 21 au zaidi, aliye na leseni kwa miaka mitatu. Kama kazi yako inategemea gari, mfano wa mlezi wa wazee anayezunguka nyumba kwa nyumba, kazi hiyo imeingia hatarini. Anza mwezi wa kwanza. Dereva mzoefu anahitaji masaa machache ya mwalimu, naye ayatumie kuacha tabia tatu: kushika usukani kwa mkono mmoja, kutotazama vioo kabla ya kila badiliko, na kulikaribia mno gari la mbele. Makosa madogo 15 yanavumiliwa. Kosa kubwa moja tu linakuangusha.

Dubai, na anayetoka Dubai kwenda Uingereza

Mwenye viza ya matembezi huweza kukodi gari Dubai kwa leseni ya Kenya na kibali cha kimataifa. Mwenye viza ya ukaazi hana njia hiyo. Leseni ya Kenya haibadilishwi huko, hivyo hufungua faili katika shule iliyoidhinishwa na RTA, mamlaka ya barabara na usafiri ya Dubai, akapimwa macho, akafanya nadharia, kuegesha na barabarani, na gharama zote pamoja si ndogo kwa mshahara wa anayeanza. Kwa mwenye leseni ya nchi isiyobadilishiwa, RTA ilifungua nafasi inayoitwa ya dhahabu: kufanya nadharia na mtihani wa barabarani mara moja bila masomo. Ukipita umeokoa pesa nyingi. Ukianguka unarudi darasani kama wengine. Ninaiona inamfaa dereva ambaye ameshapanda magari ya wenzake kwa wiki kadhaa akazisoma barabara za huko, zenye njia sita na mwendo wa kasi, na haimfai aliyeshuka ndege juzi.

Wako watu wetu wengi ambao Ghuba kwao ni kituo tu. Leseni ya Falme za Kiarabu iliingizwa katika orodha ya Uingereza ya nchi zinazobadilishiwa mwaka 2021. Aliyefanya mtihani wake Dubai, kisha akahamia Uingereza, anaweza kuibadilisha bila mtihani ndani ya miaka mitano tangu awe mkaazi. Sharti ni kwamba leseni hiyo iwe imepatikana kwa mtihani, isiwe imetokana na kubadilishwa kwa leseni ya nchi isiyomo katika orodha. Kwa hiyo ukiondoka Dubai, usiiache ile kadi ife wala usiitupe.

Kuhusu Marekani nitasema moja tu: hakuna sheria moja ya nchi nzima. California ni siku 10, Minnesota ni 60, Texas ni 90, na kila jimbo lina kitabu chake, mtihani wake na orodha yake ya hati. Soma ya jimbo unalokwenda, na usifuate ushauri wa ndugu anayeishi jimbo jingine hata kama ameishi huko miaka 20.

Bima, na leseni za mkato

Hasara kubwa ya kuendesha kwa leseni iliyokoma haiko kwenye faini. Kule Uingereza kuendesha bila bima halali pekee ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na mtu anaweza kusema atalipa. Lakini bima huandikwa kwa sharti kwamba dereva ana leseni inayotambulika. Sharti likivunjika, ukimgonga mtu, kampuni inaweza kumlipa majeruhi kisha ikakugeukia wewe uirudishie, na kiasi hicho huweza kumfuata mtu maisha yake yote, pamoja na nyumba ya familia aliyokuwa akiijenga huku nyumbani. Unaponunua bima, mwambie wakala waziwazi kwamba leseni yako ni ya Kenya, na mpe tarehe uliyoanza ukaazi, na umwombe alithibitishe hilo kwa maandishi.

Kwa sababu mitihani ni migumu, wamezuka wauzaji wa leseni za Ulaya kupitia simu, wanaodai kwamba kadi zao zimeingizwa katika mitambo ya serikali na hazihitaji mtihani. Tafadhali usiwape pesa zako. Kadi hizo ni bandia, askari huzikagua kwa kifaa palepale, na anayekamatwa nayo hushtakiwa kwa kughushi, kosa linaloweza kukatisha kibali cha kukaa nchini na kuurudisha nyuma mpango wa familia nzima.

Ukishapata leseni ya huko, usiitelekeze ya Kenya. Kwa kuwa hukubadilisha bali ulifanya mtihani upya, kadi ya Kenya hubaki mali yako, na unaweza kuilipia kupitia eCitizen ukiwa hukohuko. Itakufaa ukija likizo na kutaka kuwapeleka wazee Gede au Mambrui kwa gari la kukodi. Tunza nakala za kadi zote mbili, barua ya NTSA na tafsiri zako mahali pamoja, na moja mwachie ndugu unayemwamini Malindi, ili kadi ikipotea ughaibuni awepo mtu wa kuifuatilia ofisini kwa niaba yako.